Hesabu ya Lori Kabla ya Logibuku: Mapato na Gharama za Dereva Mmiliki Kitui na Makueni

Katika kaunti za Kitui na Makueni, dereva aliyeajiriwa anaponunua lori lake mwenyewe huonekana kuwa amefungua njia ya kujikwamua, kwa kuwa tayari ana leseni, anazijua barabara, amezoeana na wenye mizigo, na kila safari hupokea kwa mikono yake ujira ambao jioni humkabidhi tajiri. Ujira huo, yaani malipo ambayo mwenye mzigo hutoa ili mali yake ifikishwe sokoni, ndio unaompotosha, kwa sababu yeye huziona fedha zinazoingia na fedha za mafuta zinazotoka, lakini bima, kodi, rejesho la mkopo na thamani ya gari inayopungua mwaka hadi mwaka hulipwa mahali asipokuwapo. Swali la msingi kabla ya kununua si kwamba safari moja inaacha shilingi ngapi mfukoni, bali ni safari ngapi zenye mzigo zinazoweza kupatikana kwa mwaka mzima, pande zote mbili za barabara, na kama salio la safari hizo linatosha kulilipia lori siku zote, zikiwemo zile ambazo limeegeshwa.

Makadirio ya mapato huanzia kwenye mzigo wenyewe, na mzigo wa Ukambani una majira. Mvua ya vuli, inayonyesha kati ya Oktoba na Desemba, ndiyo inayotegemewa zaidi kuliko masika, hivyo ndengu, kunde na mtama wa Kitui huingia sokoni kwa wingi mwanzoni mwa mwaka, wakati uleule ambapo maembe ya Makueni yanavunwa na kutafutiwa magari ya kuyapeleka Nairobi na Mombasa kabla hayajaiva kupita kiasi. Katika wiki hizo kila lori lina kazi, wenye mizigo huwapigia simu madereva usiku, na bei ya usafirishaji hupanda. Baadaye hufuata miezi ambayo kinachobaki ni mifugo, machungwa, mboga za mashamba ya umwagiliaji ya Kibwezi, na vifaa vya ujenzi. Mwaka ambao vuli imeshindwa, mwelekeo wa mizigo hugeuka kabisa, kwa maana mahindi na unga huingia kutoka nje badala ya ndengu kutoka. Mtu anayekadiria mapato ya mwaka kwa kuzidisha ujira wa Februari mara 12 anahesabu mavuno kumi na mawili katika nchi ambayo mara nyingi huvuna vizuri mara moja.

Hata katika msimu mzuri, siku ya lori haijai safari kama inavyodhaniwa. Katika shamba la maembe la kule Mbooni au Kathonzweni, lori hufika alfajiri na kukuta matunda yangali mtini. Wachumaji hupanda na vijiti vyao vyenye vifuko, maembe hushushwa, huchambuliwa kwa ukubwa, yenye alama ya nzi wa matunda hutupwa kando, yanayobaki huhesabiwa na kubishaniwa bei kati ya mkulima na dalali, na utingo, yaani msaidizi wa dereva ambaye madereva wengi humwita taniboi, huanza kuyapanga juu ya majani makavu wakati jua limekwisha kuwa kali. Shamba moja halijazi lori, hivyo gari husogea kwa mkulima wa pili na wa tatu, na mara nyingi giza huingia kabla turubai halijafungwa. Siku hiyo nzima haina kilomita nyingi, lakini mshahara, bima na mkopo wake vimehesabiwa kama siku nyingine yoyote.

Mzigo pia una siasa yake. Bunge la Kaunti ya Makueni lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuhifadhi mchanga, iliyolenga kuzuia mito kama Thwake na Kaiti isichimbwe ovyo ili kulisha ujenzi wa miji ya nje, na lori la tipa lililonunuliwa kwa kutegemea mchanga huo pekee lilipoteza soko lake kwa uamuzi wa bunge hilo. Kitui ilifuata mwanzoni mwa 2018 ilipopiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga kwenda nje ya kaunti, na Februari mwaka huo lori lililobeba makaa liliteketezwa Kanyonyoo. Hatua za kuilinda mito na miti zilikuwa za haki, kwa kuwa mto mkavu usio na mchanga hauhifadhi maji ya kunywa. Hata hivyo kwa mwenye kukadiria zinafundisha kwamba mzigo unaotegemea mali inayokwisha au biashara inayogombaniwa haufai kuwa nguzo ya mkopo wa miaka mitatu. Mfano mwingine ni kiwanda cha kusindika matunda cha Kalamba, kilichoanza kazi 2017, ambacho kwa kununua maembe ndani ya Makueni hugeuza sehemu ya safari ndefu za kwenda mjini kuwa safari fupi za shambani hadi kiwandani, zenye kilomita chache na kusubiri kwingi.

Barabara ya Mombasa, inayopita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, ina funzo kubwa kuliko yote hayo. Reli ya kisasa ya kutoka Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria katikati ya 2017 na shehena Januari 2018. Agosti 2019 serikali ikataka makasha yote ya bidhaa zinazoingia Nairobi yapelekwe kwa reli, wasafirishaji wakaandamana Mombasa, agizo likalegezwa, kisha Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za kukagua na kutoa mizigo bandarini Mombasa. Katika miaka mitano hiyo, mwenye lori la makasha aliyekopa kwa matumaini ya kazi ya bandari alishuhudia kazi hiyo ikihamishwa na kurejeshwa kwa matamko ambayo hakuwa na sauti ndani yake. Kampuni yenye magari 100 inaweza kuegesha 40 na kuendelea kuishi. Mwenye gari moja akiliegesha, biashara yake yote imeegeshwa.

Baada ya mzigo huja uwezo wa gari kisheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari huweka kikomo cha tani 56 kwa gari kubwa kabisa lenye ekseli 7, na kwa kila ekseli huweka kikomo chake: tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi mawilimawili. Lori la ekseli mbili kwa hiyo haliruhusiwi kuzidi tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe, na likiwa na chesi, kebini na bodi ya chuma yenye uzito wa tani 7 au 8, mzigo halali ni tani 10 hivi. Idadi hiyo ndiyo ya kuingizwa katika makadirio, hata kama muuzaji wa lori anasifu kwamba mwenye nalo wa awali alikuwa akibeba tani 15.

Gharama zenyewe hugawanyika mara mbili. Gharama zisizobadilika ni zile zinazolipwa gari litembee lisitembee: bima, kodi, ukaguzi wa kila mwaka, leseni, kidhibiti mwendo, maegesho, mishahara, na uchakavu. Uchakavu ni thamani ambayo gari hupoteza kila mwaka kwa kuzeeka na kutumika, na ingawa hakuna mtu anayekuja kuudai, ni gharama ya kweli kuliko nyingi zinazodaiwa, kwa sababu siku lori linapochoka, ndio unaoamua kama mwenye nalo ana kitu cha kununulia lingine. Gharama zinazobadilika ni zile zinazozaliwa na mwendo: dizeli, matairi, oili na vichujio, spea na ufundi, ushuru wa mazao unaotozwa na kaunti, posho za njiani, na malipo ya wapakiaji.

Kati ya gharama hizi za mwendo, matairi hudharauliwa kuliko yote, kwa kuwa hununuliwa mara chache na kwa fedha nyingi kwa pamoja. Tairi linalodumu kilomita 60,000 kwenye lami ya Emali halidumu hivyo kwenye barabara za mawe za kuelekea Mutitu au Kyuso, ambako kokoto kali huchana mpira pembeni, mahali ambapo kiraka hakishiki. Dereva mzoefu hulijua jambo hili kwa macho yake, maana kila asubuhi huzunguka gari akigonga matairi kwa chuma na kusikiliza sauti, lakini ni nadra aliyewahi kuandika tairi fulani lilifungwa lini na kuvuliwa likiwa limekwenda kilomita ngapi. Kumbukumbu hiyo moja ingetosha kumwambia gharama ya tairi kwa kilomita, na gharama kwa kilomita ndicho kipimo kinachotumiwa na wasafirishaji duniani kote. Nchini Marekani, taasisi ya utafiti wa uchukuzi ATRI hutoa kila mwaka wastani wa gharama ya kuendesha lori, uliofikia dola 2.27 kwa maili kwa mwaka 2023, na dereva mmiliki wa kule hukubali au hukataa mzigo kwa kuulinganisha na idadi yake mwenyewe ya namna hiyo.

Ili mambo haya yaonekane, lichukuliwe lori la ekseli mbili lililotumika, la bei ya shilingi 3,200,000, ambalo dereva analinunua kwa akiba ya 1,200,000 na mkopo wa 2,000,000 wa miezi 36 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa deni linalobaki. Idadi zote za mfano huu ni za kudhaniwa, na kila msomaji anapaswa kuweka zake mahali pake, kwani kinachofaa kuigwa ni mpangilio wake. Rejesho la kila mwezi litakuwa 72,300 hivi, na katika miaka mitatu benki itakuwa imepokea riba ya takriban 603,000, sawa na wastani wa 16,750 kwa mwezi. Bima kubwa, ambayo mkopeshaji huidai kwa kuwa jina lake liko kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, pamoja na la mnunuzi, iwe 12,000 kwa mwezi. Kodi ya awali, ambayo tangu 2023 ni shilingi 2,500 kwa kila tani ya uwezo wa gari kwa mwaka na hupunguzwa baadaye kwenye kodi ya mapato, ni 2,100 kwa mwezi kwa tani 10. Ukaguzi, leseni, kidhibiti mwendo na maegesho viwe 5,900, mshahara wa dereva 35,000 na wa utingo 15,000. Jumla ni 70,000 kwa mwezi, na uchakavu wa 20,000 ukiongezwa, kwa kudhani kwamba baada ya miaka sita gari litauzwa kwa 1,760,000, gharama zisizobadilika ni 90,000 kabla ya riba.

Mshahara wa dereva umewekwa kwa makusudi ingawa dereva ndiye mwenye lori. Mtu anayefanya kazi ya udereva bila kujilipa, kisha akaita kinachobaki faida, amechanganya vitu viwili: jasho lake, ambalo angelipwa hata kwa lori la mwingine, na tunda la mtaji wake, ambalo ndilo lililomfanya auze ng'ombe au shamba. Lori ambalo faida yake yote ni mshahara wa dereva halijamletea mwenye nalo chochote zaidi ya ajira aliyokuwa nayo, tena ajira iliyobebeshwa deni.

Safari ya Kitui hadi Nairobi ichukuliwe kuwa kilomita 180 kwenda na nyingine 180 kurudi. Lori lenye mzigo likitumia lita moja kwa kilomita 3, na likiwa tupu lita moja kwa kilomita 4.5, litachoma lita 60 kwenda na 40 kurudi, na kwa dizeli ya shilingi 170 hiyo ni 17,000. Matairi shilingi 3 kwa kilomita, oili na vichujio 3, na akiba ya matengenezo 8, jumla 14 kwa kilomita, hufanya 5,040. Ushuru, kupakia na posho vikiwa 5,000 hivi, safari imegharimu takriban 27,000. Ujira wa kubeba tani 10 ukiwa shilingi 4 kwa kilo, yaani 40,000, salio la safari ni 13,000. Hilo ndilo neno muhimu kuliko yote katika hesabu hii: salio la safari ni kile kinachobaki baada ya gharama za mwendo, ambacho hakijawa faida mpaka kimelipa kwanza gharama zisizobadilika.

Hapo ndipo hesabu mbili zinapolazimika kutenganishwa. Ya kwanza ni hesabu ya faida, inayouliza kama biashara inazalisha zaidi ya inavyokula. Ndani yake huingia uchakavu na riba, jumla 106,750 kwa mwezi, na kiwango cha kujilipa, yaani idadi ya safari ambazo salio lake linatosha tu kufuta gharama hizo, ni safari 9 kwa mwezi. Ya pili ni hesabu ya fedha taslimu, inayouliza kama fedha zipo siku ya kulipa; ndani yake uchakavu hauingii, lakini rejesho lote linaingia, jumla 142,300, na kiwango cha kujilipa kinapanda hadi safari 11. Tofauti ya safari mbili kwa mwezi inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa kweli ndiyo pengo ambalo malori mengi hutumbukia humo, kwa kuwa benki hudai lori lirudishe fedha zake kwa miaka mitatu ilhali lenyewe linazirudisha kwa sita.

Majira yakiingizwa, picha hukamilika. Kukiwa na miezi minne ya neema yenye safari 14, mitano ya kawaida yenye safari 8, na mitatu ya ukame wa mizigo yenye safari 4, mwaka una safari 108, wastani wa 9 kwa mwezi, na salio la 1,404,000. Gharama za hesabu ya faida ni 1,281,000, hivyo biashara ina faida ya 123,000. Kwa hesabu ya fedha taslimu, gharama ni 1,707,600, hivyo kuna upungufu wa 303,600. Lori hilohilo, mwaka huohuo, lina faida na lina deni lisilolipika. Upungufu huo hauonekani Februari, na mwenye lori anayejenga nyumba kwa fedha za Februari atakuja kuukuta Juni. Mara nyingi huuziba kwa mshahara wake mwenyewe: kati ya 420,000 alizopaswa kujilipa kwa mwaka, hubaki na 116,400, yaani 9,700 kwa mwezi, na anayelipa mkopo ni meza ya chakula ya nyumbani.

Kodi huongeza uzito mahali ambapo wengi hawautarajii. Kuanzia Julai 2023, kodi ya mauzo kwa biashara ndogo zenye mapato kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka ni asilimia 3, na hutozwa kwenye mapato ghafi bila kutoa gharama. Safari 108 za 40,000 ni mapato ya 4,320,000, na asilimia 3 yake ni 129,600, zaidi ya faida nzima ya 123,000. Kodi hii iliwekwa kwa ajili ya wepesi wa kuhesabu, na inamfaa mwenye duka ambaye faida yake ni sehemu nene ya mauzo. Kwa msafirishaji, ambaye sehemu kubwa ya anachopokea hupita mkononi mwake kwenda kituo cha mafuta, inaweza kuwa mzigo usio wa haki. Sheria inamruhusu kuchagua kodi ya kawaida ya mapato kwa kuiandikia Mamlaka ya Mapato ya Kenya, mradi aweke vitabu vya hesabu, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutunza risiti. Mapato yakivuka milioni 5 kwa mwaka, wajibu wa kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani nao huanza.

Dizeli inahitaji hadhari ya pekee kwa kuwa bei yake haiko mikononi mwa dereva wala mwa mteja. Mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, EPRA, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, bei ya dizeli Nairobi ikavuka shilingi 200 kwa lita kabla mwaka huo haujaisha, na tozo ya matengenezo ya barabara ikaongezwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024. Katika mfano ulio hapa, ongezeko la shilingi 20 kwa lita hupunguza salio la safari kutoka 13,000 hadi 11,000, na kiwango cha kujilipa kwa fedha taslimu hupanda kutoka safari 11 hadi 13 kwa mwezi. Mapatano ya mzigo wa muda mrefu yasiyosema nani anabeba ongezeko la mafuta yamekwisha kusema kwamba analibeba dereva.

Kuna pia suala la mtaji wa mzunguko, yaani fedha za kuendeshea kazi kabla malipo hayajaingia. Mkulima wa ndengu na dalali wa maembe hulipa mzigo ukishushwa, lakini kampuni ya ujenzi au kiwanda inaweza kulipa baada ya siku 60. Kwa safari 9 kwa mwezi za 27,000, dereva anayewahudumia wateja wa aina hiyo pekee atatumia 486,000 kwa gharama za mwendo kabla hajapokea shilingi ya kwanza, na akiba yake yote imekwisha kwenda kwenye malipo ya awali ya lori. Wengi hukopa fedha hizi kwa riba ya mkopo wa simu, na kosa hilo hukata salio la safari bila kuonekana popote kwenye daftari.

Kwa kubanwa hivyo, njia mbili za mkato hujitokeza, na zote mbili ni ghali. Ya kwanza ni kuzidisha uzito. Tani 14 badala ya 10 huleta 16,000 zaidi kwa safari, lakini majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa takriban nguvu ya nne ya uzito wa ekseli, hivi kwamba ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 13 huharibu karibu mara tatu. Na kinachoipasua lami huyapasua pia matairi, springi na breki za mwenye gari. Njia ya pili ni kuweka bajeti ya hongo ili kupita mizani na vizuizi. Biashara ambayo haisimami bila hongo haijasimama, na siku ya ofisa mwadilifu huwa ndiyo siku ya hasara yake. Mkato wa tatu, ambao hauitwi hivyo, ni usingizi: sheria ya trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24, na kwa lori linalosubiri mzigo siku nzima kisha likasafiri usiku, safari 14 kwa mwezi ziko karibu na mpaka wa uwezo wa mtu mmoja. Makadirio yanayodai safari 20 yanadai mwili wa dereva uwe rehani.

Njia halali yenye nguvu ni moja, nayo ni mzigo wa kurudi. Wakamba waliifahamu kabla ya lori: misafara yao ya karne ya 19 ilishuka Mombasa na pembe za ndovu ikarudi na vitambaa, shanga na waya wa shaba, kwa sababu mpagazi hula posho akiwa amebeba au hakubeba. Leo kinachoelekea Kitui na Wote ni saruji, mabati, mbolea, unga na bidhaa za maduka, na barabara ya lami ya Kibwezi, Mutomo na Kitui imefungua uwezekano wa lori kwenda Mombasa na kurudi bila kupitia Machakos. Katika mfano, mzigo wa kurudi wa 20,000 huongeza lita 20 za dizeli, yaani 3,400, na gharama nyingine za 2,600, hivyo huacha salio la 14,000, kubwa kuliko la mzigo wa kwenda ambao ujira wake ni maradufu, kwa kuwa barabara ilikwisha kulipiwa.

Mizani ya mwisho basi ni hii. Bila mzigo wa kurudi, na kodi ya mauzo ikilipwa, upungufu wa fedha wa mwaka ni 433,200, kiasi ambacho hata dereva akijinyima mshahara wake wote hakizibi. Kurefusha mkopo hadi miezi 60 hushusha rejesho hadi 50,800 hivi, lakini fedha zilizopo kwa ajili ya rejesho ni 36,200 tu kwa mwezi, zinazotosha kulipa mkopo wa milioni moja kwa miaka mitatu, wala si milioni mbili. Safari 36 kati ya 108 zikipata mzigo wa kurudi, fedha hizo hupanda hadi 76,400 kwa mwezi na rejesho la 72,300 hulipika, kwa nafasi nyembamba ya 4,100, na mapato yakiwa yamegusa milioni 5. Dereva ambaye bado ameajiriwa ana nafasi ambayo mwenye lori hana: anaweza kuandika daftari kwa mwaka mmoja wa majira kamili, kilomita kwa kilomita, kwa gari la mtu mwingine, bila kuhatarisha kitu. Mwenye akiba ya 1,200,000 aliyemaliza mwaka huo bila kuwajua wateja wa mizigo mitatu ya kurudi kwa kila mwezi, asitie sahihi mkopo huo. Anahitaji milioni nyingine moja ya akiba, au lori dogo zaidi.